Herufi ya Mia Mbili Hamsini na Sita

Jumatatu, 2 Juni

Faili la arobaini na moja limetoka. Bado mia moja na tatu. Faili moja kwa kila mwezi tangu redio yetu inunue kompyuta, na mimi ndiye niliyeingiza kila neno lililomo. Miaka kumi na miwili ya vifo vya watu.

Kazi haina ujanja. Naiuliza kanzidata: nipe matangazo yote ya vifo ya mwezi fulani. Inanijibu. Jibu nalihamishia kwenye faili la maandishi matupu, nalipa jina, nakwenda mwezi unaofuata. Redio inafungwa mwisho wa mwezi huu. Kompyuta kubwa anaichukua mnunuzi, ataifuta yote. Mkurugenzi anasema maandishi matupu hufunguka kwenye kompyuta yoyote, hata baada ya miaka hamsini. Nani atakayeyafungua, hilo hakulisema.

Programu wameniwekea upya kwenye kompyuta nyingine ndogo, maana ile ya dirishani ninapopokelea matangazo imechoka. Inakwenda haraka. Umeme umekatika mara mbili. Upepo wa ziwani umebamiza dirisha kutwa nzima. Nimekula karanga na chai ya rangi.

Jumanne, 3 Juni

Mafaili ishirini. Sisomi. Nikisoma sitamaliza, maana kila tangazo nakumbuka aliyelileta. Yule aliyekuja na viatu viwili tofauti. Yule aliyelia, akaniomba peni, akaondoka nayo.

Matangazo yote ni wimbo mmoja. Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea mahali fulani, mazishi siku fulani. Halafu habari ziwafikie. Hapo ndipo penye watu. Mkubwa kwanza, wa mwisho kuzaliwa mwisho, kila mmoja na mahali alipo. Ukivuruga mpangilio, ukoo mzima unakuja kukugombeza dirishani. Ukimsahau mtu, hakusamehe. Kuachwa kwenye tangazo la msiba wa kwenu ni kuambiwa hukuzaliwa pale.

Mgongo unauma. Umri nao.

Jumatano, 4 Juni

Kosa. Kubwa na la kijinga.

Leo nimesoma tangazo moja. Mama mmoja wa Igoma niliyekuwa namfahamu, aliuza vitenge. Linaishia hivi: Habari ziwafikie Bw. Masanja aliyeko Bariadi, Bi. Kabula aliyeko Ma. Basi. Ma nini? Magu? Malya? Maswa?

Nikafungua lingine. Limekatika. Lingine zima. Lingine limekatika. Mafupi yamepona, marefu yote yamekatwa mkia. Nimehesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kioo, herufi moja moja pamoja na nafasi zake. Mia mbili hamsini na sita. Nikahesabu la pili. Mia mbili hamsini na sita.

Nimeingia kwenye mipangilio ya programu, nimekuta. Ukiiambia itoe majibu kwa maandishi, inakata kila safu ikifika herufi ya mia mbili hamsini na sita, mpaka ubadilishe kipimo mwenyewe. Ndivyo inavyokuja. Haisemi kitu, haipigi kelele. Kwenye kanzidata kila tangazo zima. Kwenye faili mkia hakuna.

Mafaili sitini na moja ya kurudia. Nimejitukana kwa Kihaya, nikamalizia kwa Kiswahili.

Nikiwa nafunga mlango nimekumbuka kitu. Mwaka ule wa kwanza wa kompyuta alikuja fundi kutengeneza printa. Akachungulia kazi yangu akasema, mama, hapa panakukatia maneno, ngoja niongeze. Akabonyeza. Nikasema asante. Sikumuuliza panakata nini, wala tangu lini.

Sitaki kuwaza.

Alhamisi, 5 Juni

Nimewaza.

Kila asubuhi nilikuwa natoa matangazo ya siku kwenye faili, nayachapa, napeleka karatasi studio kwa Mzee Magesa, msomaji wetu wa vifo. Yeye alisoma karatasi tu, kanzidata hakuwahi kuiona. Mafaili yale ya kila siku bado yapo. Sifuti kitu, ndivyo nilivyo. Kutoka siku ya kwanza mpaka alipokuja yule fundi ni miezi saba. Nimeyafungua, isipokuwa moja. Miezi yote saba, kila tangazo lililozidi kipimo limekatwa.

Baba alikufa mwezi wa tano wa miezi hiyo.

Nimekaa mbele ya faili la siku ile kama saa nzima kabla ya kulifungua. Tangazo nililiandika mwenyewe, machozi yananitoka. Nikalichapa, nikalipeleka studio, nikapanda basi Nyegezi kwenda Kamachumu kumzika. Sikulisikia likisomwa. Nyumbani pia hakuna aliyelisikia. Msibani nani anafungulia redio.

Kwenye kanzidata lipo hivi mwishoni: Bi. Editha aliyeko Mwanza, Bi. Adventina aliyeko Biharamulo, na Bw. Novatus aliyeko Kome.

Kwenye karatasi aliyosoma Mzee Magesa: Bi. Editha aliyeko Mwanza, Bi. Adventina aliyeko Biharamulo, na Bw

Bw. Herufi mbili. Hata nukta haikupata nafasi.

Editha ni mimi, Novatus ni mdogo wangu, kitindamimba wetu. Aliacha seminari akaenda visiwani kujifunza kutengeneza injini za mitumbwi. Baba akamwambia asikanyage tena kibanja chake cha nyumbani. Akabadili laini ya simu. Njia ya kumpata ilibaki redio tu. Baba alipokufa hakuja kuzika. Alikuja siku ya pili baada ya kuanua matanga, na kikapu cha sangara wa kukausha. Akasema hakupata habari.

Mimi ndiye niliyemjibu. Mbele ya mashangazi. Nilimwambia nimekuandika kwa mkono wangu huu, na Kome nzima inasikiliza redio, kama hukutaka kuja ungesema. Mama akampa mgongo. Akaweka kikapu chini akaondoka. Ni zaidi ya miaka kumi na moja sasa.

Samaki wale tuliwatupia mbwa.

Ijumaa, 6 Juni

Sikwenda kazini. Nimesema ni malaria. Si malaria.

Nimemkumbuka mama mmoja wa Ukerewe. Alikuja dirishani mwaka ule kugomba kwamba jina la mwanawe halikusomwa. Nilimgeuzia kioo cha kompyuta. Hili hapa jina, mama, lisome mwenyewe. Akasoma, akaliona. Akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda Kirumba kwa Mzee Magesa. Amestaafu siku nyingi. Macho yameingia ukungu, sauti bado ile ile iliyokuwa ikituliza mkoa mzima saa saba mchana. Mkewe ana biashara ya dagaa pale Mwaloni, nyumba yote inanuka dagaa, hata maji ya kunywa. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu, nikampa karatasi ya tangazo la baba. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nilikuwa nayaona yamekatika," akasema.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Nilidhani mmeamua kufupisha, muda wa hewani mdogo. Nikawa namalizia mwenyewe. Pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo."

Kweli. Ndivyo alivyomaliza siku zote, hata matangazo mazima. Maneno mazuri, hayagombani na msiba wowote. Yalifunika shimo vizuri mno. Yeye aliogopa kuniuliza asije akaonekana anaingilia kazi ya ofisi. Mimi sikuwahi kukaa nikamsikiliza, saa ile nilikuwa dirishani na foleni ya wafiwa. Na waliokatwa ni wale wale kila siku: wadogo, na walio mbali.

Nilikwenda nikitaka kumkasirikia. Sikuweza. Alilia, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akijifuta kwa mkono wa shati. Akaniuliza walikuwa wangapi. Nikamwambia sijahesabu. Nimehesabu.

Mkewe anapeleka unga Kome na kurudi na dagaa. Nikamuuliza kama anamjua Novatus. Akacheka. "Yule Mhaya fundi wa mashine? Yupo, mwanangu. Ana mke na watoto watatu."

Watoto watatu. Sikujua hata mmoja.

Jumapili, 8 Juni

Misa nimehudhuria, sikusikia hata neno moja. Mchana nimempigia Adventina, mdogo wangu anayenifuata. Nimemweleza yote. Akasema, "Yaliyopita si ndwele, dada, tugange yajayo." Nimemkatia simu. Methali ni rahisi kwa mtu ambaye hakubonyeza kitu.

Akapiga tena. Safari hii akasema jambo la maana. Akasema ukienda kwa Novatus, atakuuliza na la mama.

La mama. Mama alikufa miaka minne iliyopita. Kitandani alitushika mikono, akasema Novatus asitajwe kwenye tangazo langu. Hakuja kumzika mume wangu, asije kunizika mimi. Nikaandika alivyosema. Kipimo kilikuwa kimeshaongezwa siku nyingi, nafasi ilikuwa tele. Siku ile mashine haikukata kitu. Nilimwacha mimi. Na nilipofika mwisho wa orodha nikaweka nukta baada ya Biharamulo, niliona raha kidogo. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Mama angejua, asingesema vile. Hilo nalo ni kweli. Alikufa na hasira ambayo mimi ndiye niliyempikia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeiuliza kanzidata swali jipya: matangazo ya miezi ile saba, yaliyozidi kipimo, nipe mkia tu. Kilichokatwa peke yake. Limetoka faili la ajabu. Hakuna marehemu, hakuna mazishi. Majina na mahali tu. Ukara. Geita. Goziba. Mererani. Nairobi. Jeshini. Shuleni.

Nimelipeleka kwa Mkurugenzi. Nimemwomba tuyasome hewani kabla ya kufunga, kidogo kidogo, kila siku kurasa mbili. Tuseme samahani, mliitwa, ninyi hamkusahauliwa.

"Dada Editha," akasema, "tunafunga redio, hatufungui kesi."

Aliyapenda maneno yake, akayarudia kwa mhasibu aliyekuwa anapita. Kisha akasema faili nilichanganye na mengine. Si mtu mbaya. Ana watoto chuoni na mwezi ujao hana kazi, kama mimi.

Nimerudi kwenye kazi. Faili la tisini. Sasa nakagua kila moja mpaka mwisho.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Nimeogopa nauli, nimeogopa maji, nimeogopa mvua ambayo haipo Juni. Sababu zote za uongo. Namwogopa Novatus.

Nimechapa karatasi mbili za tangazo la baba, la kanzidata na la studio. La mama sikulichapa.

Nitamwambia ukweli wote. Nimeamua. Mtu mzima haendi kuomba msamaha wa nusu.

Jumapili, 15 Juni

Naandikia kwenye kivuko cha kurudi. Mwandiko mbaya, wala si kosa la mawimbi.

Jana nilivuka Kamanga, nikapanda basi mpaka Nyakaliro, nikavuka tena mpaka Kome. Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na mwalo wa mitumbwi, ameinamia injini iliyofunguliwa tumbo. Amenenepa. Ana mvi. Kitindamimba ana mvi. Alinitazama, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema shikamoo, dada. Miaka yote ile, na shikamoo yangu bado alikuwa nayo. Sikuweza kuitikia vizuri.

Mkewe, msichana wa Kizinza mpole, akatoa kiti akaleta chai. Watoto walisimama mlangoni wakinikagua. Wa katikati ana paji la baba. Nikampa Novatus karatasi zote mbili, nikamweleza habari ya kipimo, ya fundi, ya Mzee Magesa. Nikamwambia nimekuja kukiri. Ulisema kweli. Hukusikia, nasi tukakuita mwongo.

Akatikisa kichwa.

"Nilisikia," akasema.

Alikuwa palepale kibandani, ameshika spana, redio juu ya pipa la mafuta. Akasikia jina la baba. Akasimama. Akasikiliza majina, moja moja, akijua la kwake litakuwa la mwisho. Editha. Adventina. Akangoja. Mzee Magesa akavuta pumzi, akasema pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo.

"Nikajua basi, mimi ni wa popote walipo," akasema. "Baba alinifukuza, na nyie mmekubali. Nikakaa. Siku zikapita, nikashindwa, nikachukua samaki nikaja. Sasa pale ningesemaje, dada? Kwamba nilisikia mkiniacha? Na wageni wote wale? Nikasema sikupata habari."

Mimi nilimwaibisha mbele za watu, na yeye alikuwa amekubali kuitwa mwongo ili asituaibishe sisi. Chai ikapoa.

Akachukua karatasi ya kanzidata, akasoma midomo ikicheza. Alipofika mwisho akaweka kidole kwenye jina lake. Kidole cha grisi. Hakukiondoa. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Na la mama? Nalo nililisikiliza, mpaka mwisho. Nalo ni mashine?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nilivuka maji mara mbili kuuleta. Nikatazama kile kidole.

"Ndiyo," nikasema. "Nalo ni mashine."

Akalia. Akalia kwa sauti, mwanaume mzima, mkewe akatoka akawapeleka watoto kwa jirani. Akawa anasema mama, kumbe, mama, kumbe. Nikamshika bega. Sijui nimefanya wema au uovu. Baadaye alikula vizuri. Alicheka mara moja, mtoto mdogo alipomwaga chumvi. Akawaambia watoto, huyu ni shangazi yenu, mkubwa wangu, mmwamkie. Wakaniamkia wote watatu, nikaitikia kama mtu anayestahili.

Leo asubuhi amenisindikiza mpaka kivukoni, amenibebea mkoba. Ameomba kitu kimoja tu. Nimpelekee na la mama, lote, lilivyo kwenye kanzidata. Aliweke pamoja na la baba.

Nimemwambia ndiyo.

Jumatano, 18 Juni

Bado. Nimefanya mafaili kumi na mawili, mwezi wa mama nimeuruka.

Nimempigia Adventina, nimemwambia nilichosema Kome. Nilidhani atanigombeza. Nikasikia jogoo wa kwake anawika.

"Sawa, dada," akasema. "Na mimi nikiulizwa nitasema hivyo hivyo."

Ijumaa, 20 Juni

Mafaili yote mia moja arobaini na manne yametoka. Mazima. La mwezi wa mama nimelifanya mwisho.

Miaka kumi na miwili sijagusa tangazo lililokwisha kusomwa. Hata makosa yangu ya kuandika nimeyaacha, maana tangazo likishasikika ni la wenyewe. Leo saa nne asubuhi wenzangu walikuwa nje wanapakia viti kwenye gari. Nimelifungua la mama. Limeishia: na Bi. Adventina aliyeko Biharamulo. Nimeitoa ile na, nimeweka mkato, nimeisogeza mbele. Na Bw. Novatus aliyeko Kome. Nikahifadhi. Nikauliza swali, jibu likaja, nikalihamishia kwenye faili kama mengine yote. Ukilisoma hutajua.

Mama alisema asitajwe. Nimemwasi, na nimemwekea mdomoni jina alilokataa. Nimelia, si sana.

Kompyuta kubwa wameichukua saa nane. Nyuma ya meza pamebaki vumbi na nyaya.

Nimechapa nakala moja. Nimeisoma kwa sauti, taratibu, mpaka jina la mwisho, halafu nikaikunja. Mke wa Mzee Magesa anavuka kwenda Kome kesho asubuhi.